Neno Lisilo na Mkwe

Juzi jirani yangu alikata mianzi ya kusimamishia nyanya zake, akailaza kando ya ukuta wetu. Mimi nilikuwa jikoni nachambua maharage. Harufu ya mwanzi mbichi ikaingia dirishani, ile yenye ubaridi wa tango na ukali kidogo wa majani yaliyopondwa, na nikajikuta nimeacha maharage na kushika meza kwa mikono miwili. Mjukuu wangu akauliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni harufu tu. Akanitazama kwa lile jicho ambalo vijana huwatazamia wazee wao wanapoanza kuchoka kichwani, akarudi kwenye mambo yake. Simlaumu. Ninyi wa rika langu, mliokulia kwenye vilima vya Rungwe wakati mgonjwa alikuwa akibebwa kwa machela ya mianzi mpaka barabarani, ndio ninaozungumza nanyi.

Kwetu, mwanamke aliyeolewa hakutakiwa kuonana na baba mkwe wake. Akisikia anakuja, hutoka njiani akaingia kwenye migomba, akachutama na kumpa mgongo, nguo kichwani, mpaka mzee apite. Babu yangu, baba yake baba, aliishi ng'ambo ya kijito, karibu kiasi kwamba moshi wa jiko lake tuliuona. Mama alimpikia kila siku, na mimi nilipeleka chakula. Lakini mama hakupata kuuona uso wake tangu alipoolewa. Babu alikuwa na kikohozi chake cha njiani, si cha ugonjwa, alikitoa kila alipokaribia kona ili mama apate muda wa kujificha. Hata kanisani alikaa mbele, upande wa wanaume, na kabla baraka haijatolewa alijitoa kwa mlango wa pembeni, ili wanawake watoke kwa nafasi. Mchungaji alikuwa amekwisha kusema mara nyingi kwamba baba mkwe si simba. Wanawake walimwitikia amina, kisha wakaendelea kama walivyofundishwa na mama zao.

Na si uso tu. Jina la mkwe nalo halikutajwa, wala neno lolote lililofanana na jina hilo. Kila mama pale kijijini alikuwa na shimo lake kwenye lugha, na alijifunza kulizunguka. Mama wa jirani hakuweza kusema moto, akawa anasema "kile chekundu cha jikoni." Sisi watoto tulizoea, hatukuona ajabu yoyote.

Sasa jina la babu lilikaribiana na neno letu lenye maana ya polepole. Sitaliandika hapa. Mwiko wenyewe haunihusu, maana mjukuu ni mwenzake babu, humtaja jina na kumtania apendavyo. Ila mama hakulitoa neno hilo kinywani mwake tangu siku alipoingia ukoo wetu, na mimi sioni sababu ya kuliachia huku ninapomzungumzia yeye.

Hebu fikirini mama anayelea watoto mlimani, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, utelezi kila mahali, naye hana neno la kusema polepole. Nilipoteremka na mtungi alinifuata kwa sauti: "Kanyaga kana kwamba chini amelala mtoto." Nilipokula viazi vya moto aliniambia niupe mdomo nafasi. Mbuzi walipovuta kamba aliwaambia kwamba majani hayana miguu, hayatakimbia. Akikosa la kusema, alinishika bega tu, nami nikapunguza mwendo. Kwa ajili ya neno moja lililokatazwa, nilipata mengi kuliko watoto ambao mama zao walikuwa nalo.

Lakini mtoto ni mtoto. Niliona mama anatumbukia vichakani, naona babu anageuza uso, nikaamua moyoni kwamba watu hawa wawili wanachukiana. Niliwaza kwamba kuna kosa kubwa mama alilifanya zamani na hawajaniambia. Mara kwa mara nilikuta mkungu wa ndizi umeachwa mpakani mwa shamba letu, au mzigo wa kuni zilizopasuliwa vizuri. Baba alikuwa mbali, kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo si yeye aliyepasua. Nilimwambia mama kwamba babu ameanza kusahau vitu vyake ovyo. Mama alisema tuvichukue tu, visiharibike.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitoka upande wa Kalenga, kule Iringa. Alikuwa mwembamba, suruali fupi ya kaki iliyopigwa pasi hata siku za mvua, na alikipenda Kiingereza kama mtu anavyopenda ng'ombe wake, anawajua mmoja mmoja. Alitusalimu "kamwene" kwa Kihehe ili tucheke, kisha akageuka kuwa mkali. Siku moja aliandika ubaoni neno moja: slowly. Akatueleza kwamba maana yake ni polepole. Akalipiga mstari juu, akasema leo neno hili halitumiki darasani. Atakayelitumia atasimama. Tutafute mengine yanayoweza kukaa mahali pake, na kila tutakalolipata tulitungie sentensi.

Mimi nilipigwa na butwaa. Neno lilelile. Kati ya maneno yote ya Wazungu, yaliyojaa kwenye kile kitabu kinene cha Mwalimu, lililokatazwa lilikuwa lile la nyumbani kwetu. Nikadhani mwiko wa babu umevuka bahari. Kisha nikawaza vizuri zaidi: mke wa Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Iringa, na nyumba yao ilikuwa karibu na darasa, dirisha kwa dirisha. Ni wazi kwamba baba yake Mwalimu anaitwa jina linalofanana na hilo, na Mwalimu hataki mkewe alisikie likitajwa ovyo. Nilimheshimu sana kwa hilo. Nikainama, nikaandika kazi ambayo niliijua tangu kunyonya.

Wenzangu walikuna vichwa. Mimi sikutafuta maneno, nilitafsiri ya mama. Nilivunja Kiingereza vipande vipande, lakini niliandika kwamba mama yangu anasema tukanyage kana kwamba chini amelala mtoto, na kwamba anasema majani hayana miguu. Mwalimu alipita kati ya madawati, akasoma, akarudi akasoma tena. Akanisimamisha. Akasema sentensi ni nzuri, lakini neno liko wapi? Nimezunguka tu, sikuweka neno. Kisha, labda ili anisaidie, akaniambia nilisome lile la ubaoni kwa sauti, halafu tuanzie hapo.

Nikatazama dirisha la nyumba yake. Akarudia. Fimbo ilikuwa mkononi mwake, na alikuwa hodari wa kuitumia.

"Siwezi, Mwalimu," nilisema. "Mama mwalimu atasikia. Ni jina la mkwe wake."

Darasa lilicheka mpaka mlango ukatikisika. Waliocheka walikuwa Wanyakyusa wenzangu, ambao mama zao walikuwa wanachutama kwenye migomba kama mama yangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu hakucheka. Aliweka fimbo mezani, akakaa kwenye ukingo wa dawati langu, akaniuliza taratibu nieleze. Nikaeleza yote, babu, mama, na lile neno. Akasema kwao mambo haya wanayajua, ila kwao mwanamume ndiye anayemkwepa mama mkwe, na baba yake aliwahi kuingia kwenye miiba kwa heshima ya mama mkwe, akatoka damu miguu yote.

"Kiingereza hakina mkwe kwenu wala kwetu," alisema. "Maneno yake hayana mzee wa mtu ndani yake. Mama yako anaweza kuchukua analotaka."

Akaandika ubaoni lingine: gently. Akatueleza kwamba lile la kwanza ni la mwendo, hata mvivu analo. Hili ni la mkono, la mtu anayejua kwamba alichobeba kinaweza kuumia. Alisema mama yangu alikuwa analisema hili miaka yote bila kulijua, na akaniambia nimpelekee.

Nilimpelekea siku ileile, natembea nalirudiarudia lisipotee njiani. Mama alikuwa amekaa kizingitini akimenya ndizi, mdogo wangu mchanga amelala pembeni. Tangu uzazi ule miguu yake ilikuwa imevimba, na pumzi yake ilikuwa fupi. Akisema maneno machache alipumzika katikati. Nilimwambia habari yote. Aliniuliza kama neno hilo ni jina la mtu yeyote. Nikasema si jina la mtu. Akauliza nina hakika gani, kule Ulaya pana watu wengi. Nikasema Mwalimu amesema. Basi akalijaribu, likatoka mdomoni mwake limebadilika, limekuwa letu: jentili. Alicheka mpaka akashika kifua. Nasema ukweli, sikumbuki mama kufurahia zawadi yoyote kama ile, hata kitenge alicholetewa na baba kutoka migodini.

Akalitumia kwa kila kitu. Aliniambia jentili nikibeba mtoto, aliwaambia mbuzi jentili, aliiambia sufuria iliyokuwa inafurika. Majirani walimtania kwamba sasa ni Mzungu, waanze kumwamkia kwa Kiingereza. Yeye aliwajibu kwamba wamwache, amepata shamba lisilo na mwenyewe. Kipindi kile kilikuwa kifupi, na ndicho ninachokumbuka kwa furaha ya utotoni. Baadaye uvimbe ulipanda, midomo ikawa na rangi ya zambarau, na usingizi wake ukawa wa kukaa.

Watu wazima waliamua apelekwe hospitali ya misheni. Ili kufika barabarani ambako lori lingeweza kumchukua, ilibidi abebwe kuteremka mlima mzima. Mama akakataa. Hakuna aliyejua kwa nini isipokuwa mimi, maana aliniambia sikioni. Baba hayupo, kwa hiyo mwenye mgonjwa atakuwa babu, mkubwa wa ukoo. Ni lazima afuatane naye, ajibu maswali ya waganga, aweke dole gumba panapohitajika. Na mtu aliyelala kwenye machela hawezi kutoka njiani, hawezi kuchutama, hawezi kugeuza mgongo. Mama alikuwa anakufa kwa kukosa pumzi, naye alikuwa anaogopa kukosa adabu. Nilikasirika. Nilimwambia babu hata hampendi, ya nini kujitesa kwa ajili yake? Mama akasema mimi bado ni mtoto.

Nikaenda kumwambia babu. Nilimkuta amesimama nyuma ya migomba, mpakani palepale alipokuwa akisahau kuni zake. Hakuuliza mengi.

"Mwambie nitakuwa nyuma, kona moja nyuma," alisema. "Macho yake ayaweke mbele, mimi yangu nitayaweka chini. Mwambie aende, mjukuu wangu. Namwomba."

Sikuwa nimewahi kumsikia babu akimwomba mtu. Nilipomfikishia mama, alifunika uso kwa kanga, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Baba mdogo, ndugu yake baba, alikata mianzi asubuhi, akaifunga kwa kamba za migomba, akatandika mkeka na blanketi. Ndipo ilipotoka ile harufu. Mianzi ilikuwa mibichi kiasi kwamba ilitoa maji kwenye ncha, na mama alipolazwa ikalia chini yake. Mimi niliambiwa nitembee kando, nishike mkono wake. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, njia imekuwa sabuni. Baba mdogo alitangulia, akawaambia wenzake wakaze mwendo, lori lisije likatuacha. Hakuwa mtu mbaya. Alidhani kumwokoa mama ni kukimbia.

Kila walipoteleza, machela ilidunda, na kila ilipodunda mama alipoteza pumzi, akabaki kinywa wazi kama anayetafuta kitu hewani. Aliinua mkono, lakini wabebaji hawakumwona. Nilijua anachotaka kusema. Wao wangelitii mara moja lile neno letu la kawaida, neno ambalo kila mtoto kijijini alilisema bila kufikiri. Nikamwinamia nikamwambia alitamke tu, babu yuko mbali, hatasikia. Akakataa kwa kichwa. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile, na bado alikataa. Kisha akakusanya pumzi yake yote.

"Jentili," alisema.

Baba mdogo akauliza mgonjwa anasema nini. Mimi, ambaye sikuwa na mkwe, nikawaambia kwa lugha yetu waende polepole, anaumia. Wakapunguza. Lakini baada ya muda lori likawarudia akilini, wakaanza tena, na mama akasema tena neno lake, na mimi nikalitafsiri tena. Tuliteremka hivyo, yeye anasema kwa Kiingereza na mimi nasema kwa Kinyakyusa.

Nikasikia kile kikohozi nyuma ya kona. Nikajua naitwa. Nikamwachia mama mkono, nikapanda mbio. Babu alikuwa amesimama katikati ya njia, kofia inachuruzika maji, macho chini kama alivyoahidi.

"Mama yako anasema nini? Nasikia sauti yake, neno silijui."

Nilimwambia ni neno la shule. Nilimwambia maana yake, na kwamba Mwalimu alisema halina mkwe ndani yake. Midomo ya babu ikawa inacheza, kama anayelijaribu.

"Analisema mahali pa langu," alisema.

Nikasema ndiyo. Akanipa ishara nirudi, nikarudi.

Tulifika pabaya kuliko pote, pale njia inapoingia kijitoni. Pana mawe yaliyofunikwa na kuvu, na wabebaji wa mbele huwa chini sana kuliko wa nyuma. Baba mdogo alikuwa anataka kuruka jiwe la kwanza. Hapo ikaja sauti kutoka juu yetu, nyuma ya kona, sauti nzito ya mzee aliyezoea kuita ng'ombe upande wa pili wa bonde, na ilisema jentili. Haikusema lile jina lake. Ilisema la mama, kwa matamshi ya mama hasa. Wabebaji walisimama kama walioshikwa miguu, wakatazamana. Kisha wakaanza kuteremka jiwe kwa jiwe, mianzi haikulia hata kidogo.

Mama alifumba macho. Machozi yalimtoka pembeni, yakaingia masikioni, nami nikayafuta. Akasema kwa sauti ndogo mno, ambayo huenda babu hakuisikia, "Jentili." Alikuwa anamjibu. Tangu nilipozaliwa sikuwa nimesikia watu hawa wawili wakisemezana, na hilo ndilo lilikuwa neno lao, moja, moja kila mtu. Nilizikumbuka zile kuni. Nikakumbuka ndizi, na ule mlango wa pembeni wa kanisa. Babu hakuwa amesahau kitu chochote pale mpakani.

Lori lilikuwa linatungoja. Babu alipanda mbele na dereva, akageuzia uso dirishani njia nzima. Hospitali walimpokea vizuri, walimlaza kwenye kitanda cha chuma chenye shuka nyeupe, na nilidhani kitanda kama kile hakiwezi kushindwa. Kilishindwa. Moyo wake ulikuwa umechoka tangu uzazi, walisema, na wiki haikwisha kabla hajatutoka. Sikuwepo. Nililetewa habari shuleni, na Mwalimu ndiye aliyeniambia, akanisindikiza nyumbani kwa miguu bila kusema neno la lugha yoyote.

Walimpandisha mlima kwa machela ileile. Mianzi ilikuwa imekwisha kukauka kidogo, imeanza kugeuka manjano, lakini harufu ilikuwa bado ipo. Kaburi lilichimbwa kando ya migomba, pale alipokuwa akichutama. Mchungaji aliomba, wanawake wakaimba, na babu alisimama mbali na wote, amegeuza uso kama siku zote. Niliwaza: atamkwepa hata leo.

Walipoanza kuteremsha jeneza, kamba ya upande mmoja ikateleza kwenye mikono ya baba mdogo, na jeneza likainama kichwa chini. Watu wakashika vinywa. Hapo babu akageuka. Alikuja moja kwa moja, watu wakampisha, akasimama ukingoni kabisa na kutazama chini alipokuwa mama. Ilikuwa mara ya kwanza. Kinywa chake kilikuwa huru sasa kusema neno lolote, hata hilo linalofanana na jina lake, maana hakuna aliyebaki wa kulikwepa. Wabebaji wangelielewa upesi zaidi.

Alinyoosha mikono miwili, kama anayesaidia kubeba.

"Jentili," aliwaambia. "Jentili, wanangu. Jentili."

Wengi walidhani mzee amechanganyikiwa kwa msiba. Mwalimu, aliyekuwa amesimama na sisi wanafunzi, alivua kofia. Baba mdogo aliikaza kamba, akawatazama wenzake, wakalinyoosha jeneza, na wakamteremsha mama kama alivyoomba.